Aliyesahau si Mwongo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nieleze jambo lililonisumbua tangu mwaka jana. Najua kwamba wengi wetu wa Kidato cha Nne huandika juu ya mitihani, au uhaba wa maji bwenini, au faida za kupanda miti, na mambo hayo yote ni mema. Mimi nataka kuandika juu ya ubongo wa mtu mwenye virusi vya UKIMWI, na juu ya baba yangu mdogo. Yeye mwenyewe ameniruhusu, kwa sharti nisitaje jina lake wala kijiji chake. Ndiyo sababu nimekuomba usichapishe jina langu pia. Yatosha wasomaji wajue kwamba kwake ni Wilaya ya Kyerwa, na kwamba ni mkulima wa kahawa na migomba kama walivyo watu wengi wa huku kwetu.

Tangu nilipokuwa mdogo nilimjua baba mdogo kuwa mtu mwepesi wa hesabu. Wanunuzi wa kahawa walipokuja na mizani yao, yeye alikuwa amekwisha kuzidisha kilo kwa bei kabla wao hawajamaliza kubonyeza simu zao. Kwamba anatumia dawa za kufubaza virusi nalijua tangu nilipokuwa Darasa la Tano, kwani nyumbani kwake jambo hilo halikufichwa. Alikuwa na afya, alilima, na watu walimheshimu.

Mwishoni mwa mwaka juzi alianza kubadilika, tena polepole, hata hakuna awezaye kusema ilikuwa siku gani. Ukimwuliza neno alikaa kimya kwanza, kisha akajibu sawasawa, lakini wewe ulikuwa umekwisha kudhani hakusikia. Vifungo vya shati vilimchelewesha asubuhi. Siku moja alikwenda mnadani kwa baiskeli akarudi kwa miguu, na baiskeli ikaletwa kesho yake na jirani. Aliacha kusikiliza mpira redioni, akaacha kucheza bao, akawa hukaa barazani tu. Mama mdogo alisema ni uzee, naye baba mdogo hajafika miaka 50.

Kisha ikaja habari ya butura. Wenyeji wa Kagera hawahitaji kuelezwa neno hili, lakini kwa ajili ya wenzetu waliotoka mikoa mingine: butura ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali ua, kwa mtu anayekupa fedha leo kwa bei aitakayo yeye. Serikali huikataza na watu huifanya, maana mahitaji ya nyumbani hayangojei mavuno. Baba mdogo aliuza kahawa ya shamba lake kwa mtu mmoja mwezi wa pili; mwezi wa tatu akaiuza kahawa ileile kwa mtu mwingine. Mwezi wa sita, mimi nikiwa kwake kwa likizo, wote wawili walifika na magunia asubuhi moja.

Mnunuzi wa kwanza alitoa karatasi. Baba mdogo aliisoma, akaisoma tena. Akasema, "Sahihi ni yangu, lakini neno hili silijui." Watu waliokusanyika wakacheka. Yule wa kwanza akapewa kahawa, kwa kuwa karatasi yake ndiyo ya zamani. Yule wa pili akabaki na magunia matupu, na fedha yake ilikuwa imekwisha kutumika kwa mabati. Alimwita baba mdogo mwizi mbele ya watoto wake. Nami, niliyenunuliwa daftari na godoro la bweni na mtu huyu, nikamwambia, "Baba mdogo, si useme tu kwamba fedha umekunywa?" Yeye hanywi pombe. Hakunijibu neno, aliniangalia tu, kisha akaingia ndani.

Majirani walikuwa na maelezo yao: ati mnunuzi aliyedhulumiwa amemloga, ndiyo maana amekuwa kama bubu. Neno hili lilinikumbusha habari wanazosimulia wazee juu ya mwanzo wa ugonjwa wenyewe. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, hapa hapa mkoani Kagera. Wakati huo, baada ya vita vya 1978 na 1979, magendo ya mpakani yalikuwa yamestawi sana, na moja ya vitu vilivyotoka Uganda ni nguo ya mtindo iliyoitwa Juliana. Vijana wa biashara walipoanza kukonda na kufa, watu waliuita ugonjwa kwa jina la nguo ile, na wengi wakasema kwamba wafanyabiashara wa Uganda waliodhulumiwa ndio waliowaloga. Ng'ambo ya pili, katika wilaya ya Rakai, watu nao waliupa jina lao, Slim. Mwaka 1987 wataalamu walipima damu za watu wazima mkoani kwetu, wakakuta virusi kwa watu 24 katika kila 100 wa mji wa Bukoba. Nadhani wafanyabiashara waliodhulumiwa, hata wangekuwa wengi namna gani, wasingetosha kuuloga mji mzima. Imepita miaka zaidi ya 40, na huko kijijini tungali tunamtafuta mfanyabiashara aliyedhulumiwa.

Sasa nieleze jinsi nilivyopata kujua zaidi. Mwezi wa kwanza mwaka huu mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha mawimbi: ya maji, ya sauti na ya mwanga. Alipokwisha kuchora ubaoni alisema kwa utani kwamba hata ndani ya vichwa vyetu mna mawimbi, ingawa katika safu ya nyuma siku ile alikuwa hayaoni. Darasa lilicheka. Mimi nilimfuata baadaye kumwuliza kama ni kweli, naye akaniazima kitabu, na kitabu hicho kikanifanya nitafute kingine.

Ni kweli. Chembe za ubongo husemezana kwa umeme. Umeme huo ukipimwa juu ya ngozi ya kichwa ni mdogo mno, kadiri ya sehemu 50 za volti moja iliyogawanywa mara milioni; betri moja ya tochi ya volti moja na nusu inaushinda mara 30,000. Mtu wa kwanza kuuchora umeme wa ubongo wa binadamu alikuwa Hans Berger, daktari wa wagonjwa wa akili katika mji wa Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Alijitilia shaka mwenyewe, akangoja hata mwaka 1929 ndipo alipoutangaza, na bado wenzake hawakumsadiki upesi. Yeye ndiye aliyeyapa mawimbi majina ya alfa na beta.

Mtu mwenye afya akiwa macho, ametulia na kufumba macho, mashine huonyesha nyuma ya kichwa chake mawimbi ya alfa yanayopanda na kushuka mara 8 mpaka 13 kwa sekunde. Akifumbua macho, alfa hufifia. Akisinzia, hutokea mawimbi ya theta, mara 4 mpaka 8. Katika usingizi mzito huja delta, chini ya mara 4. Basi kwa mtu ambaye virusi vya UKIMWI vimemwumiza ubongo hata akapata ule ugonjwa wa kupungukiwa fikira ambao madaktari huuita demensia, mara nyingi mawimbi haya hupungua mwendo: alfa hufifia au huwa nzito, na theta na delta huongezeka hali mtu yu macho, ameketi kitini, anakutazama.

Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Nilimwona baba mdogo pale barazani.

Hakuna mashine iliyopata kuwekwa kichwani mwake, wala sisemi kwamba nayajua mawimbi yake. Lakini mambo mengine niliyosoma yalifanana naye mno. Virusi huingia ubongoni mapema, pengine katika majuma ya kwanza, vikichukuliwa ndani ya chembe nyeupe za damu. Havikai katika chembe za neva zenyewe. Hukaa katika chembe za ulinzi za ubongo, na hizo hutoa sumu zinazoziumiza neva zilizo jirani. Sehemu za ndani za ubongo huumia mapema, zile zinazohusika na wepesi wa mwendo na wa fikira. Kwa hiyo, tofauti na wazee wenye ugonjwa wa Alzheimer, mgonjwa huyu aghalabu hapotezi kwanza majina ya watoto wake. Yeye huwa mzito: mzito wa vidole, wa hatua, wa kujibu, na hamu ya mambo humtoka. Madaktari watatu wa New York, Navia, Jordan na Price, waliyaeleza haya mwaka 1986, na mimi nilipoyasoma katika mwaka huu nilidhani wameandika juu ya mtu wa Kyerwa.

Nilipolieleza jambo hili katika Klabu yetu ya Sayansi, mwenzetu mmoja alishauri tuandike barua kuomba mashine ya mawimbi ya ubongo kwa ajili ya hospitali za wilaya zetu mbili, Karagwe na Kyerwa. Wengi walipiga makofi. Mimi nilimpinga, na hapa nataka nieleze sababu, maana siku ile kengele ya chakula ilinikata maneno.

Kwanza, mashine ile haisemi ni ugonjwa gani. Mawimbi huwa mazito pia kwa mwenye ini bovu, kwa mwenye homa kali, kwa aliyekunywa dawa za usingizi, kwa mzee wa Alzheimer, hata kwa mwanafunzi aliyekesha. Pili, wataalamu wenyewe hawakupatana upesi. Katika miaka ya mwanzo wengine waliona mawimbi mazito hata kwa watu wenye virusi wasio na dalili yoyote. Wengine huko Marekani walipowapima watu kama hao hawakuona tofauti. Tatu, michoro ile huhitaji mtu aliyefunzwa kuisoma, naye hapatikani kwa barua ya Klabu ya Sayansi. Siidharau mashine. Kwa mtu wa kifafa ni ya thamani sana, na wachunguzi wa Italia wameitumia wakaona alfa iliyokuwa dhaifu kwa watu wasioanza dawa ikipata nguvu baada ya miezi michache ya dawa. Hilo ni jambo la kutia moyo, kwani laonyesha kwamba uzito wa ubongo si lazima uwe wa milele. Lakini mtu wa kijijini hana haja ya kungoja mawimbi yake yachorwe ndipo asaidiwe.

Mwaka 2005 daktari Ned Sacktor wa Baltimore, pamoja na wenzake wakiwamo madaktari wa Kampala, walitangaza kipimo kisichohitaji umeme wala kujua kusoma. Huchukua dakika chache tu. Mpimaji husema maneno manne: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Anayepimwa huyarudia ili ijulikane kwamba ameyasikia. Kisha hugonganisha kidole cha shahada na gumba, kwa mkono ambao hautumii sana, upesi awezavyo kwa sekunde 5. Akifikisha mara 15 amepata alama zote. Halafu mkono huwekwa mezani kwa namna tatu mfululizo, ngumi, kiganja chini, kisha ubavu wa mkono, mara nyingi iwezekanavyo katika sekunde 10. Mwisho huulizwa yale maneno manne. Kila sehemu ina alama 4, jumla 12. Aliyepata 10 au chini yake hupelekwa kuchunguzwa zaidi.

Nimewajaribu wenzangu bwenini baada ya masomo ya usiku. Mmoja wao, ambaye huwa wa kwanza darasani kwa hesabu, alisahau "kofia", na hata sasa tunamwita Bwana Kofia. Hili lenyewe lafundisha kitu: kipimo hiki si hakimu. Huko Uganda kilipojaribiwa, kati ya wagonjwa 100 wenye demensia kiliwatambua 80. Lakini kati ya 100 wasio nayo kiliwaachia 55 tu, na 45 wengine kikawatilia shaka bure. Ni chekecheke. Kazi yake ni kumwonyesha tabibu ni nani wa kuketi naye zaidi ya dakika tano.

Na walio wa kuketi nao si wachache. Katika kliniki moja ya Kampala, madaktari walioandika mwaka 2007 waliona demensia hii kwa wagonjwa 31 katika kila 100. Huko Moshi, walipochunguzwa watu wa miaka 50 na zaidi wanaotibiwa virusi, karibu nusu walikuwa na upungufu fulani wa fikira. Marekani, ambako dawa tatu kwa pamoja zilianza kutumika mwaka 1996, uchunguzi wa watu 1,555 uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba demensia yenyewe imekuwa nadra, kama watu 2 katika 100, lakini upungufu mdogo mdogo ulionekana kwa karibu nusu. Kwetu Tanzania dawa zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 kila anayeonekana na virusi huanzishiwa bila kungoja augue. Maana yake ni kwamba watu wengi sasa wataishi hata uzee wakiwa na virusi, na ubongo wao utazeeka pamoja navyo. Jambo hili ni letu sisi vijana, kwa sababu ndio tutakaokaa nao.

Mwezi wa nne tulipopewa likizo fupi nilikwenda kwa baba mdogo. Sikumwambia kwamba nampima. Nilisema ni mchezo wa shuleni, na tulikuwa tunachambua maharage. Vidole vyake viligongana mara 9. Ule wa ngumi na kiganja ulimchanganya, akaucheka mwenyewe. Nilipomwuliza yale maneno, alisema "mbwa", akafikiri sana, kisha akasema, "Mwanangu, maneno gani?" Hapo nilijuta kwa kumdanganya kwamba ni mchezo. Nilimweleza yote, habari ya mawimbi na ya Kampala, nikamwomba radhi kwa neno nililosema mbele ya wanunuzi wa kahawa. Alisema kwamba neno langu analikumbuka vizuri. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe alikwisha kujua kuwa kuna kitu kinamharibikia, ila aliogopa wakimwita mwendawazimu ndugu zake watamgawana kibanja.

Mama mdogo alifuatana naye kliniki juma lililofuata. Sitaitaja kliniki hiyo. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akigombezwa pale kwa sababu kila alipokwenda vidonge vilibaki, na kipimo cha wingi wa virusi kilikuwa kimepanda. Mara tatu aliketishwa akafundishwa umuhimu wa kunywa dawa kila siku. Mara tatu alikubali kwa kichwa, akatoka, akasahau. Simlaumu sana muuguzi, maana ana watu wengi mlangoni na kazi yake ni kuhesabu vidonge. Lakini hakuna aliyemwuliza mtu huyu kwa nini husahau. Hili ndilo ninalotaka wasomaji walione. Dawa inayouzuia ugonjwa huu haifai kitu mpaka ikumbukwe kila siku, na ugonjwa wenyewe hushika mahali pale pa kukumbuka. Kumfundisha mtu wa namna hii nidhamu ni sawa na kumgombeza kiwete kwa kuchelewa.

Safari hii mama mdogo alieleza habari ya baiskeli, ya vifungo, na ya butura. Tabibu aliyekuwa zamu alisikiliza. Alimpima vidole na mwendo, akachukua damu kutafuta kaswende na yule kuvu anayeshambulia utando wa ubongo, kwa kuwa magonjwa hayo nayo huharibu fikira na yana tiba zake. Hayakuonekana. Kisha akatoa agizo jepesi ambalo lingeweza kutolewa mwaka mzima kabla yake: vidonge vikae kwa mama mdogo, vinywewe mbele yake, saa mbili usiku redio inapoanza taarifa ya habari.

Nirudi katika hoja. Naona kwamba kila mtu anayehudhuria kliniki ya virusi apimwe vidole na maneno manne walau mara moja kwa mwaka, na pia kila mara vidonge vinapobaki, kabla ya kugombezwa. Naona pia kwamba aje na mtu wa nyumbani, kwani mwenye kusahau hawezi kueleza alichosahau. Katika mdahalo wetu wa Ijumaa mwenzangu wa upande wa upinzani alinijibu kwa nguvu. Alisema watu hawa wamekwisha kubeba aibu moja, nasi twataka kuwaongezea ya pili. Kwamba huku kwetu mtu akiitwa mpungufu wa akili ndugu zake hawamwulizi tena juu ya shamba, na mwajiri humwachisha kazi. Alishangiliwa, na kwa kweli alistahili, kwa kuwa baba mdogo alikuwa ameniambia hofu ileile kwa kinywa chake.

Siwezi kusema kwamba hofu hiyo ni ya bure. Sheria ya mwaka 2008 juu ya UKIMWI inaamuru habari za mgonjwa ziwe siri, na alama za vidole na maneno zingekaa katika jalada lilelile, pamoja na wingi wa virusi, bila kusomwa na shangazi wala mjomba. Lakini sheria haikai barazani. Nitakalomjibu mwenzangu ni hili: baba mdogo hakupimwa, na bado jina alipewa. Aliitwa mwizi, akaitwa mlevi (na mimi ndiye niliyemwita), akaitwa aliyelogwa. Kama ni lazima watu wawe na neno la kumwita, mimi naona afadhali liwe lile lenye dawa.

Na dawa imeonekana kufaa. Mwaka 2006 madaktari walioshughulika na wagonjwa wa Kampala waliandika kwamba wengi wa walioanza dawa walipimwa tena baada ya miezi 3 na miezi 6, na fikira zao zilikuwa zimepata wepesi. Kwa baba mdogo nimeona mwenyewe katika likizo ya mwezi wa sita. Hajarudi kuwa yule wa zamani. Vifungo bado humchelewesha, na hesabu ambazo zamani alizifanya kichwani sasa huziandika kwa penseli kwenye ukuta wa stoo. Lakini huzipata sawa. Amerudia bao, ingawa wenzake hulalamika kwamba anawachosha kwa kufikiri. Barua ya mama mdogo ya mwezi wa nane yasema virusi katika damu vimepungua sana, na kwamba usiku mmoja umeme wa redio uliisha, naye akauliza mwenyewe, "Leo habari hazisomwi?" akanyosha mkono kupokea vidonge.

Ombi langu kwa Mkuu wa Shule ni dogo. Sisi wa bweni hatukai na wagonjwa wetu. Twawaona mara mbili au tatu kwa mwaka, na hiyo ndiyo faida yetu, kwa sababu anayekaa na mtu kila siku haoni akipungua. Naomba Klabu ya Afya iruhusiwe kumwalika tabibu kabla ya kufunga shule, atufundishe dalili hizi: uzito wa kujibu, vifungo, kuacha mambo aliyoyapenda, vitu kusahauliwa mnadani. Tusifundishwe ili tuwe waganga. Mimi nilijifanya mganga siku moja na maharage mkononi, na sipendi kurudia. Tufundishwe ili tukifika nyumbani tumwambie mama au shangazi, "Nenda naye kliniki, ukaeleze."

Sasa juu ya yule mnunuzi wa pili. Deni lake limelipwa nusu kwa kahawa ya mwaka huu, nusu bado. Baba mdogo aliniomba nimwandikie barua kwa niaba yake, kwa kuwa mkono wake hautulii, nami niliiandika mwezi wa saba, mbele yake, neno kwa neno kama alivyosema: kwamba hakukusudia kumwibia, kwamba ana ugonjwa wa ubongo unaomsahaulisha, na kwamba nusu iliyobaki ataipata mwakani. Alitia sahihi mwenyewe, ikamchukua muda. Mpaka leo ninapoandika haya jibu halijaja.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV